Kiti cha Mbele cha Lori

Mwanangu Nakunda,

Pokea salamu zangu, ingawa mchana tumekula pamoja na ukirudi tutakula pamoja tena. Sasa hivi uko kanisani, wanakwaya wenzako wanakuaga, na sauti zenu zinafika mpaka hapa uani petu Temeke. Baba yako ameshakuombea, amekushika mkono, amekwenda zamu yake bandarini. Nimebaki na taa, kalamu na roho yangu hii unayoijua. Nataka nimalize kuandika kabla hamjamaliza nyimbo.

Sikuandikii habari ya kufua, wala ya kula, wala ya kujikinga na mbu huko hospitali ya misheni unakokwenda kujifunza uuguzi. Hayo unayajua, na usiyoyajua masista wa huko watakuambia mpaka uchoke. Nakuandikia habari ya kiti cha lori.

Leo asubuhi Bwana Hasanali wa dukani alipita mwenyewe, akasema lori lake linapeleka nazi mjini kesho alfajiri na litapita stesheni. Nyuma magunia yatajaa mpaka juu, hakukai mtu. Mbele, kando ya dereva, kuna nafasi yako na ya mtu mmoja wa kukusindikiza. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nikaenda moja kwa moja sandukuni, nikalitoa gauni langu la bluu, nikatia mkaa kwenye pasi. Sijui kama uliiona furaha yangu. Mtoto wangu anakwenda kusoma, na mie nimekaa ubavuni pake mbele ya gari, watu wa Keko watuone tukipita.

Ndipo ukaja pale nilipokuwa napiga pasi, ukasimama unasokotasokota ncha ya kanga. Ukasema, "Mama, nilikuwa nafikiri. Mama Tabitha na mguu wake ule, hawezi kutembea mpaka stesheni."

Nikasema, "Ndiyo, hawezi."

"Nikawaza labda yeye..."

"Labda yeye nini?"

Ukaipiga fundo ile ncha ya kanga. Nikakuambia tutaona, nikaendelea kupiga pasi mahali palepale mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Ukasema, "Basi Mama, si kitu," ukachukua debe ukaenda kuchota maji. Hukununa. Ungenuna ningepata la kukugombeza.

Mama Tabitha. Mie namwita Bi Tabitha, wewe unamwita Mama, na siku nyingine jina huliongezi kabisa, unasema tu "Mama kanipa hiki," nami nasimama nikijiuliza nimekupa lini. Mjane hana mtoto, fundi cherehani, mzee wa kanisa, na ndiye aliyekusimamia ubatizo. Umekua ukiniona nikimkunjia uso, ukadhani ni tabia yangu tu. Leo nikuambie ilikoanzia, maana siku ile ulikuwa mtoto wa mgongoni.

Tulipotoka Upare kuja huku, baba yako alikuwa Mkristo tangu kwao. Mie nilikuwa bado naingia darasa la ubatizo. Ilikuwa imepangwa tubatizwe Jumapili moja, mie na wewe, na nilikuwa nimekushonea kigauni cheupe kwa mkono, pindo lake limekwenda upande. Desturi yetu unaijua: majina ya wanaotaka kubatizwa husomwa kanisani kabla ya siku yenyewe, na washarika huulizwa kama kuna mwenye neno. Lilipofika jina langu, Bi Tabitha akasimama. Akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi, kwamba mama huyu hasalimiani na jirani yake Bi Zuhura tangu kiangazi, na mwenye kukataa salamu ni mama huyu.

Ilikuwa kweli. Kuku wa Bi Zuhura walinilia mtama nilioanika. Maskini wa watu alikuja na bakuli la mtama wake, anipe na aniombe radhi, nami nikamrudishia bakuli mkononi. Tangu hapo akinisalimu kisimani nilikuwa natazama ndani ya debe langu. Mchungaji akaniuliza mbele ya watu wote kama neno hilo ni kweli, nikajifanya nakufunga vizuri mgongoni. Nikarudishwa darasani mwaka mzima. Jina lako likabaki, kwa kuwa mtoto hana ugomvi na mtu. Ila mama ambaye hajabatizwa haendi mbele na mtoto, lazima mtoto ashikwe na mwanamke aliyebatizwa. Baba yako akaulizwa ni nani, na kabla hajafungua kinywa Bi Tabitha akasema yeye yuko tayari.

Siku yenyewe nikakaa nyuma kabisa, na wenzangu wa darasani. Ulipotolewa mgongoni mwangu ulilia, nami nikainuka nusu. Yule mwanamke akakutikisa kidogo, akakunong'oneza sijui nini, ukanyamaza. Haki ya Mungu, nilitamani ulie mpaka kanisa litoke nje. Ukanyamaza ukaegemeza kichwa begani pake. Kisha mchungaji akauliza jina, naye akajibu Lidia. Hakuna aliyeniuliza mie, niliyekwisha kukupa jina la mama yangu mzazi. Tangu siku hiyo kanisa zima linaniita Mama Lidia, naitika huku moyoni naitikia jina jingine.

Mwaka ule wa kurudishwa nilikuwa mtu mzima peke yangu katikati ya visichana. Siku tuliyofundishwa amri, mwalimu akatuambia kwamba Mungu ana wivu na watu wake, hataki kuwagawana na mwingine. Visichana vikashangaa. Mie nikanyoosha mkono nikasema, "Huyu namwelewa." Darasa likacheka, na mwalimu mwenyewe akainama kuficha meno. Sikuwa natania. Mpaka siku ile nilikuwa namwogopa Mungu tu. Pale nikajua ana roho inayouma kwa ajili ya mtu, na roho ya namna hiyo ninayo.

Nikamuuliza mwalimu nifanye nini ili mwaka ujao nisirudishwe tena. Nilikuwa tayari kufunga, kufagia kanisa, kukariri kitabu chote. Akaniambia, "Kamsalimie Bi Zuhura." Nikamwambia anipe jingine. Akasema hana jingine. Basi nikaenda kisimani, nikasema "Hujambo, Bi Zuhura," meno yamegusana. Nilikuwa naomba kimoyomoyo asiitike, ili na mie niwe na haki yangu. Akasema, "Sijambo, jirani. Mtoto hajambo?" Akanitwisha debe. Kesho yake nikamsalimia tena, vilevile bila kupenda. Sijui ni lini meno yaliacha kugusana. Ulipoumwa surua, yeye ndiye aliyekesha nami, unamjua mwenyewe.

Na kwa kuwa nilikaa darasani mwaka wa pili, nilijifunza kuandika. Wenzangu waliobatizwa mapema waliishia kusoma. Kwa hiyo barua hii naweza kukuandikia kwa sababu Bi Tabitha alisimama siku ile. Hilo nalijua miaka yote, na halijanifurahisha hata siku moja.

Ukakua. Ukawa unakimbilia kwake kila mchana, unazungusha gurudumu la cherehani, unarudi na wimbo mpya na vitambaa vya kushonea mdoli. Mvua za masika mwaka mmoja nikakukataza kwenda. Nilisema nyumbani kuna kazi. Hakukuwa na kazi, nilikutafutia. Nilikupa upepete mchele niliokwisha kuupepeta mwenyewe. Ukaupepeta. Nilingoja ulalamike ili nikuambie umeharibiwa na watu, hukulalamika. Jumapili kanisani ukamwamkia shikamoo, ukapiga goti kidogo kama kawaida, ukarudi kukaa na mie. Mvua zikaisha nikaona haya kukushikilia tena. Ulikuwa umetii kweli, na mie nilikuwa nakomoa.

Jioni moja nikakusikia ukiomba nyuma ya pazia. Uliniombea mie kwanza kabla ya mtu yeyote. Lakini uliomba kwa maneno yake, na kabla ya amina ulivuta pumzi vile anavyovuta yeye. Nikalala nimeshiba uchungu. Hata dua ya mwanangu kwa ajili yangu ilikuwa imepitia kwa yule mwanamke.

Na si yeye tu. Nimemwonea wivu hata Mungu mwenyewe, na nimemwambia hivyo nikiwa jikoni napika. Akikuita yeye unakwenda mara moja. Mie nikikuita unasema "nakuja, Mama" mpaka mboga inapoa. Ilipokuja habari ya uuguzi, baba yako alisita, mchungaji alisita, wewe ukasema umeitwa na utakwenda, basi. Nilijisifia kwa majirani siku nzima, kisha nikaingia ndani nikalia kwa hasira.

Sasa nikuambie ya leo mchana. Ulipokwenda kuwaaga wenzako wa shule, mie nilikwenda kwa Bi Tabitha. Sitakuficha nia yangu. Nilikwenda kumwambia kwamba lori lina nafasi moja na ni yangu, nione uso wake utakuwaje.

Nilimkuta kwenye cherehani anapinda gauni lako la safari. Pindo limenyooka. Kila kitu cha mwanamke yule kimenyooka isipokuwa huo mguu.

"Karibu, Mama Lidia."

"Sikai. Nina neno moja tu."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Hata mie ninalo. Niache nitangulie. Ukisema lako kwanza nitapata sababu ya kunyamaza, na nimenyamaza sana."

Nikamwambia aseme.

"Siku ile niliposimama kanisani nilisema kweli."

"Najua. Sikuja kuambiwa hilo."

"Nilisema kweli, lakini nilikuwa na langu. Ningeweza kukuambia nyumbani kwako, mie na wewe, ukapatana na Bi Zuhura, yakaisha. Na nilikuja, siku moja kabla. Nilifika mpaka uani. Ulikuwa unamwogesha mtoto kwenye beseni, unamwimbia Kipare, anakumwagia maji. Nikarudi bila kupiga hodi. Nilijua ukirudishwa darasani, mtoto atahitaji mtu wa kumshika."

Nikasema, "Ulitaka kumshika."

"Nilitaka awe wangu, hata kwa Jumapili moja tu. Nilikuonea wivu, Mama Nakunda. Na kila alipokuja kuniita Mama nilijua nimemwiba kwako, nikafurahi hivyo hivyo."

Alikuwa hajapata kuniita Mama Nakunda tangu tujuane. Labda ungependa niandike kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwambia, "Umemshika mtoto wangu kwa wizi," nikatoka bila kuaga.

Nikafuata njia ya nyuma ya kanisa. Unajua kilichoniuma? Miaka yote nilijua nina wivu, lakini niliamini yeye hana. Nilimwona ni mtu wa Mungu aliyenizidi, na hiyo ilinipa angalau heshima ya kushindwa na aliye bora. Kumbe tumekaa benchi moja, mie namwonea, yeye ananionea, na wewe uko mbele yetu unaimba kwaya. Kisha ule uchungu ukageuka ukawa utamu, nisikudanganye. Sasa nilikuwa na haki. Ningeweza kupanda lori kesho na gauni langu la bluu na haki yangu tele, na hakuna wa kunilaumu, wala baba yako, wala mchungaji, wala yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimekaribia nyumbani nilipokumbuka ulivyosema, "Basi Mama, si kitu." Kilikuwa kitu, Nakunda. Ulikiacha kwa kunitii. Nami nilikuwa nakwenda kuutumia utii wako huo kumkomolea mtu. Mchele ule ule wa masika, nakupa tena uupepete.

Nikasimama njiani. Watoto wa Bi Zuhura wakapita wakaniamkia, sijui kama niliitika. Nikamwambia Mungu, sitaki. Nikamwambia asidhani nimemsamehe yule, na asitegemee nitamsamehe kabla ya kesho. Nikamwambia anipe jingine. Unajua alivyo, huwa hana jingine. Nikageuka nikarudi huku nanung'unika peke yangu kama mtu aliyepotelewa na kuku.

Nikaingiza kichwa mlangoni. Alikuwa amekaa vilevile, hajaongeza hata mshono mmoja.

Nikamwambia, "Kesho alfajiri uwe tayari. Lori la Hasanali lina nafasi moja mbele. Halisubiri mtu."

"Na wewe?"

"Mie nina miguu."

Akajifunika uso kwa gauni lako. Nikaondoka upesi, maana ningebaki ningelia naye, na sikuwa tayari kumpa na hilo.

Mwanangu, huko uendako utawakuta wanaokuzidi. Atakuwepo mwenzako ambaye wagonjwa watamtaka yeye na si wewe, na sista mkuu atamsifu wewe ukiwa umesimama hapo na beseni mkononi. Sikuambii wivu hautakuja. Umetoka tumboni mwangu, utakuja. Wa kwangu haujaondoka mpaka sasa. Nikiandika tu neno lori, unanichoma. Nakuambia tu yaliyonipata mie. Nimengoja moyo wangu ukubali tangu ningali msichana, nikidhani ndipo mtu humtii Mungu, na haujapata kukubali jambo lolote kwa wakati. Salamu ya Bi Zuhura ilitoka kabla moyo haujataka. Leo pia miguu ilirudi kwa Bi Tabitha, moyo nikauacha njiani, unakuja unalalamika. Huenda ukafika kesho, huenda ukafika mwakani. Mungu ameipokea miguu, nadhani, kwa kuwa hicho ndicho nilichokuwa nacho.

Na usifanye kosa langu jingine, la kuwapima watu kwa sauti zao za upole. Bi Tabitha alikufundisha kuomba, na alikufundisha vizuri, akiwa na hilo moyoni miaka yote. Sijui Mungu anafanyaje kazi na watu wa namna yetu. Naona tu kwamba umetoka mikononi mwetu sisi wawili, na wewe huna kinyongo.

Nyimbo zimekwisha, naona mnaombeana. Niharakishe.

Barua hii naiweka kati ya shuka zako, uikute treni ikishaiacha Dar es Salaam. Utakuwa umeshajua kwa nini ulipoamka hukunikuta kitandani, na kwa nini nilimwachia Bi Tabitha akunyweshe chai. Bi Zuhura huenda sokoni Kariakoo na mchicha wake kila alfajiri, kungali giza. Jioni hii nimemwomba nifuatane naye. Amecheka, akasema, "Jirani, utauweza mwendo wangu?" Nimemwambia kesho yeye ndiye atakayeshindwa na wangu. Kutoka sokoni mpaka stesheni si mbali. Gauni la bluu limo kikapuni, nitalivaa nikifika, ili vumbi lisinitangulie.

Mkishuka kwenye lori, Bi Tabitha atakushika mkono, nami nitamwacha akushike. Atakuombea mbele ya watu, atakuita Lidia, nami nitaitikia amina kwa sauti. Hayo yote ni yake, nimempa. Lakini ukirudi usiku huu nitakuambia kwa mdomo: ukiingia behewani, nenda moja kwa moja kwenye dirisha linalotazama watu. Kiti cha lori nimempa. Dirisha simpi. Nitakuwa nimesimama hapo tangu hamjafika, na mtu wa mwisho kuliita jina lako siku hiyo ni mie, na nitakuita Nakunda.

Ni mimi mama yako, ambaye hajatosheka nawe.